Kupima IDH1 R132H maabara: mwongozo kwa anayeanza

Maswali kuhusu IDH1 R132H, aina iliyobadilika ya kimeng'enya cha isositrati dehidrojenasi 1 (IDH1), huwa ni yale yale. "Nimeweka isositrati na NADP+, mbona kimeng'enya hakifanyi lolote?" "Mstari unashuka hata kwenye kisima kisicho na kimeng'enya, nani anaushusha?" "Jeli inaonyesha protini safi, lakini bado inatengeneza NADPH kama aina ya asili. Nimeletewa kitu kingine?" Anayeuliza mara nyingi ni mwanafunzi aliyekabidhiwa kichupa kimoja kidogo kutoka friza ya −80 °C, na anaogopa kukimaliza kabla hajapata jibu moja la kuaminika. Mwongozo huu ni wake.

Nimechagua IDH1 R132H kwa sababu ndiyo wengi wanayoanzia. Ukiizoea, ndugu zake wa mitokondria, IDH2 R140Q na R172K, hazitakutisha, ingawa viwango vya kila kitu itabidi uvitafute upya.

Nadharia kidogo tu

IDH1 ya asili huchukua isositrati na NADP+ (kisaidizi cha kimeng'enya, ambacho kikipokea elektroni huitwa NADPH), ikatoa alfa-ketoglutarati, kaboni dioksidi na NADPH. Katika R132H, arijinini iliyoko nafasi ya 132 imekuwa histidini. Arijinini hiyo ni mojawapo ya zinazoishika isositrati, kwa hiyo ikiondoka, kazi ya zamani karibu inakufa na kazi mpya inajitokeza: kimeng'enya kinachukua alfa-ketoglutarati na NADPH, kinatoa D-2-hidroksiglutarati (2HG) na NADP+. Badiliko hili liligunduliwa kwenye saratani ya ubongo ya glioblastoma mwaka 2008, na mwaka 2009 ikaonyeshwa kwamba 2HG ndiyo zao lake. Tangu hapo R132H imekuwa mojawapo ya protini zinazopimwa sana na watafiti wa dawa za saratani.

Kwa mtu aliyeshika pipeti, yote hayo yana maana moja. NADPH hufyonza mwanga wa nanomita 340, NADP+ haiufyonzi. Aina ya asili hupandisha mstari, R132H huushusha. Ukiipima R132H kwa isositrati na NADP+ utapata karibu sifuri, na sifuri hiyo ni jibu sahihi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- IDH1 R132H iliyotengenezwa kwa bakteria au seli nyingine. Hapa nachukulia ukolezi ni mg 1 kwa ml. Soma karatasi ya kichupa: angalia ukolezi halisi, ina lebo ya histidini (mkia wa kuisafishia protini) au haina, na imehifadhiwa kwenye bafa gani.
- IDH1 ya asili, hata kidogo. Usiiruke. Ndiyo itakayokuambia kama vimiminika vyako ni vizima.
- Alfa-ketoglutarati, ikiwezekana chumvi yake ya sodiamu.
- NADPH na NADP+. Ni vitu viwili tofauti, na vichupa vyake hufanana. Viandike kwa wino mkubwa.
- Isositrati, chumvi ya sodiamu.
- Tris, sodiamu kloridi, magnesiamu kloridi, DTT (ya kuzuia protini isioksidishwe), na albumini ya ng'ombe (BSA) isiyo na vimeng'enya vingine.
- Sahani ya visima 96 yenye kitako cha wazi, na kisoma-sahani au spektrofotomita inayosoma 340 nm.
- Barafu, mirija isiyong'ang'aniwa na protini, na pipeti zilizohakikiwa.

Protini hii ni ya utafiti tu. Haiendi kwa mgonjwa, wala kipimo hiki si cha kutoa majibu ya hospitali. DTT na vimiminika vingine vya aina yake fungulia kwenye kabati la kutoa hewa, ukiwa na glavu.

Hatua kwa hatua

1. Tengeneza bafa, na uipime pH kwenye joto utakalofanyia kazi.
Tris mM 50 yenye pH 7.5, sodiamu kloridi mM 150, magnesiamu kloridi mM 10, BSA asilimia 0.05. DTT mM 1 iongeze siku hiyo hiyo ya kazi. pH ya Tris hupungua kwa takriban 0.028 kila joto likipanda digrii moja. Bafa uliyoirekebisha kwenye chumba baridi cha 4 °C hadi 7.5 itakuwa karibu 6.9 ukiifikisha 25 °C. Rekebisha kwenye 25 °C kama ndipo utakapopimia.

Usiweke EDTA: inaikamata magnesiamu, na bila magnesiamu kimeng'enya hiki hakifanyi kazi. Epuka pia fosfeti. Inaharakisha kuharibika kwa NADPH, na ikikutana na magnesiamu nyingi inaweza kutuama chini.

2. Andaa alfa-ketoglutarati ya M 1, kisha rekebisha pH iwe 7 hadi 7.5.
Hapa ndipo watu wengi huanguka bila kujua. Ikiwa kichupa chako ni cha asidi huru na si chumvi, kila molekuli inakuja na asidi mbili. Ukifikisha mM 10 kwenye kipimo, umeingiza asidi ya mM 20 ndani ya bafa ya Tris mM 50, pH inaporomoka. NADPH haivumilii asidi, inavunjika yenyewe, mstari wa 340 unashuka, na wewe unafurahi ukidhani kimeng'enya kinakimbia. Rekebisha kwa sodiamu haidroksidi, pima kwa karatasi ya pH, gawa mafungu madogo, gandisha.

3. Andaa NADPH ya mM 10 kwenye Tris mM 10 yenye pH 8, na uithibitishe.
Usiamini uzito wa mizani, kwa sababu unga wa NADPH hunyonya maji ya hewa. Zimua mara 100 na usome 340 nm kwenye kiveti cha sentimita 1. Mgawo wa ufyonzaji ni 6,220 kwa molari kwa sentimita, kwa hiyo µM 100 iliyo kamili itasoma 0.622. Ukisoma 0.50, una mM 8 tu. Andika hiyo namba kwenye mrija, si ile uliyoitamani. Weka kwenye barafu, ifunike na mwanga, itumie siku hiyo hiyo.

NADP+ nayo tabia yake ni kinyume: inastahimili asidi kidogo na huharibika kwenye alkali. Iyeyushe kwenye maji, usiiweke kwenye bafa ile ile ya pH 8.

4. Yeyusha kimeng'enya kwenye barafu na ukigawe mara moja.
Usikiyeyushe kwa kukishika mkononi wala kwenye maji moto. Kikishayeyuka, zungusha kwenye sentrifuji sekunde chache ili matone ya kifunikoni yashuke, halafu changanya kwa kugonga mrija taratibu kwa kidole. Voteksi hapana, mapovu yanaifunua protini na ikishafunuka hairudi. Gawa mafungu ya µl 5 hadi 10, yagandishe kwa nitrojeni kimiminika au barafu kavu, na yarudishe −80 °C. Fungu lililoyeyushwa litumike au litupwe. Friza ya kawaida inayojiyeyushia barafu yenyewe si mahali pa protini hii, kwa kuwa joto lake hupanda na kushuka usiku kucha.

5. Zimua kimeng'enya dakika chache kabla ya kupima.
Chukua µl 10 za mg 1 kwa ml, weka kwenye µl 990 za bafa baridi. Sasa una µg 10 kwa ml. BSA iliyo kwenye bafa ina kazi muhimu hapa: protini ikiwa chache hivi hung'ang'ania ukuta wa plastiki, na bila BSA nusu yake inaweza kubaki mrijani. Ukitaka kupima kiasi cha protini kwa Bradford, kipime kabla ya kuingia kwenye bafa yenye BSA, la sivyo utakuwa unapima albumini ya ng'ombe.

6. Changanya sabstreti.
Kwa ml 1: µl 20 za alfa-ketoglutarati M 1, µl 40 za NADPH mM 10, µl 940 za bafa. Hiyo ni mM 20 na µM 400. Ikikutana na kimeng'enya nusu kwa nusu, kisimani itabaki mM 10 na µM 200.

Kwa nini mM 10? Kiwango ambacho R132H hufikia nusu ya kasi yake kwa alfa-ketoglutarati ni takriban mM 1. NADPH inashikwa kwa nguvu zaidi mno, kwa hiyo µM 200 inatosha na kubaki. Wapo wanaotumia µM 100 ya alfa-ketoglutarati kwa kubana matumizi, kisha wanalalamika kimeng'enya ni kivivu.

7. Panga visima.
Kila kimoja kirudie mara tatu (viwango ni vya mwisho kisimani, kwa hiyo sabstreti ya D na E nayo itengeneze mara mbili yake):

- Kisima A: R132H, alfa-ketoglutarati, NADPH. Hiki ndicho kipimo chenyewe.
- Kisima B: bafa badala ya kimeng'enya. Kinaonyesha NADPH inavyokufa yenyewe.
- Kisima C: R132H na NADPH, bila alfa-ketoglutarati. Mstari ukishuka hapa, kuna kimeng'enya kingine kilichoingia na protini yako kinachokula NADPH.
- Kisima D: R132H, isositrati mM 1 na NADP+ µM 200. Unatarajia mstari ulale karibu bapa.
- Kisima E: kama D, lakini kwa IDH1 ya asili. Huu lazima upande.

Ninasisitiza D na E kwa sababu watu huziona kama kupoteza protini. E ikipanda unajua magnesiamu, bafa na mashine viko sawa. D ikipanda una tatizo ambalo jeli haitakuonyesha: bakteria E. coli ana IDH yake mwenyewe, nayo inatumia NADP+, na ukubwa wake unakaribia kabisa ule wa IDH1 ya binadamu. Moja ina asidi amino 416, nyingine 414. Kwenye jeli zinakaa mstari mmoja. Uchafu wa asilimia ndogo sana unatosha kukudanganya kwamba R132H yako bado ina kazi ya asili, kwa kuwa IDH ya bakteria ni ya kasi kubwa.

8. Anzisha na usome.
Weka µl 100 za kimeng'enya kilichozimuliwa kwenye visima vyake, acha sahani ifikie 25 °C kwa dakika tano ndani ya kisoma-sahani. Sabstreti nayo iwe imefika joto hilo. Ongeza µl 100 za sabstreti kwa pipeti ya midomo mingi, tikisa sekunde tano, anza kusoma 340 nm kila sekunde 15 kwa dakika 20. Angalia mapovu kwa macho kabla ya kufunga mlango. Povu moja huharibu kisima kizima, litoboe kwa ncha safi ya sindano.

9. Chukua mteremko wa mwanzo tu.
Tumia sehemu iliyonyooka, kabla asilimia 10 ya NADPH haijaliwa. Kwa kipimo hiki hiyo ni µM 20 za kwanza. Toa mteremko wa kisima B. Kisha fanya jaribio moja ambalo wengi hawalifanyi: rudia kwa nusu ya kimeng'enya. Mteremko nao lazima uwe nusu. Usipokuwa nusu, namba zako bado si za kuandika popote.

Hesabu

Tuseme kisima A, baada ya kutoa B, kinashuka 0.024 kwa dakika. Kisima cha µl 200 hakina kina cha sentimita 1. Kwenye sahani nyingi za visima 96 ni karibu sentimita 0.6, lakini pima ya kwako kwa kulinganisha NADPH ile ile kwenye kiveti na kwenye sahani.

0.024 ÷ (6,220 × 0.6) = µM 6.4 kwa dakika. Ndani ya µl 200 hiyo ni nanomoli 1.29 kwa dakika. Kimeng'enya kisimani ni µg 1, kwa hiyo kasi ni mikromoli 1.29 kwa dakika kwa mg. Aliyesahau kina cha kisima ataandika 0.77, na atalaumu kichupa.

Ukitaka kupima vizuizi

Hapa mambo yanabadilika kidogo, na inafaa kukaa nayo. Dawa ya ivosidenib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa leukemia yenye IDH1 iliyobadilika, ni kielelezo kizuri cha kulinganishia. Haikai pale alfa-ketoglutarati inapokaa. Inaingia kwenye mpaka kati ya nusu mbili za kimeng'enya, kwani IDH1 hufanya kazi ikiwa pacha. Vizuizi vya namna hii vinaweza kuchukua muda kutulia. Changanya kizuizi na kimeng'enya, subiri dakika 30 hadi 60, ndipo uanzishe kwa sabstreti. Anayeongeza vyote kwa pamoja na kusoma papo hapo anaweza kuona dawa nzuri kama maji.

DMSO (kiyeyushi cha dawa) iwe sawa kwenye kila kisima, pamoja na visivyo na dawa, isizidi asilimia 1. Punguza alfa-ketoglutarati hadi karibu mM 1 ili uweze kuona pia vizuizi vinavyoshindana nayo. Kila kiungo unachokidhani ni kizuizi, kipitishe pia kwenye aina ya asili, na urudie kwa magnesiamu iliyoongezwa mara mbili au tatu: uzuiaji ukipotea magnesiamu inapopanda, huenda kiungo hicho kinaiba magnesiamu tu.

Viungo vyenye rangi au vinavyofyonza 340 nm vitakusumbua. Njia mbadala ni kusimamisha kazi baada ya muda fulani kwa kuongeza kimeng'enya cha diaforasi na rangi ya resazurini. NADPH iliyobaki hugeuza resazurini kuwa resorufini, unayoisoma kwa mng'ao wa karibu 540 kwenda 590 nm. Kumbuka mwelekeo: mng'ao mkubwa unamaanisha NADPH imebaki nyingi, yaani kimeng'enya kimezuiwa. Na DTT usiiweke kwenye njia hii, kwa sababu inaigeuza resazurini yenyewe. Kiungo kinachozuia diaforasi nacho hushusha mng'ao, kwa hiyo weka visima vya NADPH na kiungo bila IDH1.

Tahadhari moja ya kitafiti: protini ya kichupani kwa kawaida ni pacha ya R132H na R132H. Kwenye seli za saratani mara nyingi jeni moja limebadilika na jingine ni la asili, hivyo kuna pacha mchanganyiko. Usihamishe namba za kisimani moja kwa moja kwenda kwenye seli.

Mambo yakienda kombo

*Hakuna mteremko kwenye A, lakini E inapanda.* Angalia kwanza kama uliweka NADPH na si NADP+. Usomaji wa mwanzo wa A unapaswa kuwa karibu 0.75 juu ya bafa tupu. Ukiwa karibu na sifuri, umekosea kichupa. Kama NADPH ipo, jaribu fungu jipya la kimeng'enya, halafu ongeza kiasi mara tano.

*A na E zote zimelala.* Magnesiamu. Ama umeisahau, ama EDTA imeingia na bafa ya kuhifadhia protini. Hesabu ni kiasi gani cha EDTA kinafika kisimani.

*B inashuka karibu sawa na A.* pH. Chovya karatasi ya pH kwenye mchanganyiko wa sabstreti wenyewe, si kwenye bafa. Ikiwa iko sawa, NADPH yako imezeeka.

*C inashuka.* Protini ina mkula-NADPH mwingine. Kutoa mteremko wa C kutoka kwa A kunasaidia kwa muda, ila suluhisho ni kuisafisha tena kwa safu ya kupanga protini kwa ukubwa, au kubadilisha toleo.

*D inapanda.* IDH ya bakteria, kama nilivyoeleza hapo juu. Lebo ya histidini na safu ya nikeli iliyooshwa kwa imidazoli kidogo kabla ya kutoa protini hupunguza. Muulize aliyeitengeneza aliosha kwa kiasi gani.

*Dakika mbili za kwanza mstari umepinda, ndipo unyooke.* Mara nyingi sahani ilikuwa baridi. Ikiwa joto limetulia na bado unapinda, angalia kama unasoma kimeng'enya kingi mno. NADPH inaliwa kabla mashine haijaanza.

*Visima vitatu vya aina moja vinatofautiana zaidi ya asilimia 10.* Pipeti ya midomo mingi ina mdomo unaovuja, au kuna mapovu. Weka maji yenye rangi kwenye safu nzima uone.

*Mstari unashuka vizuri lakini msimamizi anataka uthibitisho kwamba ni 2HG.* Ana haki. Kupungua kwa NADPH ni ushahidi wa pembeni. Simamisha kisima A na C kwa methanoli baridi, ondoa protini kwenye sentrifuji, na upeleke kimiminika cha juu kupimwa kwa spektrometa ya tungamo. 2HG inayopatikana A ilingane na NADPH iliyopotea, nayo C isiwe nayo.

*Kasi inashuka wiki hadi wiki.* Kila ukifungua fungu jipya, pima kisima A na uandike kasi pamoja na namba ya toleo, tarehe, na nani alikiyeyusha. Ikishuka chini ya asilimia 70 ya kipimo cha kwanza cha toleo hilo, acha kulitumia kwa vizuizi, libakize kwa kufundishia wengine kupipeti, na uanze toleo jipya kwa hatua ya 4.